Shangazi wa Msanii

Mama yetu alifariki wakati wa palizi, katika hospitali ya Kolandoto, saa za asubuhi, mimi nikiwa nimemshika mkono. Naliandika hili kwanza kwa sababu wako watu wengi, hasa huku Katoro ninakouza chakula, wanaoamini kwamba alifariki zamani, mdogo wangu akiwa bado mtoto. Waliona kwenye televisheni. Wengine walilia.

Mdogo wangu ni mwimbaji. Sitaandika jina lake, anayemjua atamjua. Tulibaki wawili tu, mimi mkubwa na yeye kitinda mimba, na kati yetu walikuwepo wengine ambao hawakukua. Baba alifariki yeye akiwa hajaanza shule, akazikwa nyuma ya zizi, nyumbani kwetu Samuye. Mama hakuolewa tena. Alilima pamba na viazi, akakausha viazi hivyo kuwa michembe, akatulea. Mimi niliishia darasa la saba, nikaolewa huku kwenye dhahabu. Mwenzangu alifika kidato cha nne, na sauti alikuwa nayo tangu mdogo. Kwenye kwaya ya kanisani walimsimamisha mstari wa nyuma ili asiwafunike wengine, na bado aliwafunika.

Waliposema kuna shindano la kuimba la televisheni na majaribio yatafanyika Mwanza, mama ndiye aliyemwambia aende. Akaenda, akachaguliwa, akapelekwa Dar es Salaam. Kila Jumamosi mama alibeba kigoda chake akaenda kukaa kwenye banda la video pale senta, mbele kabisa, na vijana waliokuja kuangalia mpira wakamwachia nafasi. Mdogo wangu alipofika hatua ya watu wachache waliobaki, wenye kipindi wakapiga simu: wanakuja kupiga picha nyumbani, nchi ione alikotoka.

Mama akaniita nije kusaidia kupika. Tulichinja majogoo. Wakaja na gari, vijana watatu na dada mmoja aliyekuwa akiuliza maswali, wapole, wenye heshima, wakasema shikamoo kwa kila mtu. Majirani walijaa uwanjani. Kati yao alikuwepo Mgogo mmoja muuza nyama aliyeoa pale kijijini.

Kwa asiyejua, Wagogo ni watani wetu sisi Wasukuma. Mtani anaweza kuja kwenye msiba wako akavaa koti la marehemu, akaigiza alivyokuwa akitembea, na huruhusiwi kukasirika. Anaweza kukutazama usoni akakwambia umeshakufa. Ni haki yake, na wewe una haki ya kumjibu. Huyu Mgogo na mama walikuwa hivyo kila siku. Siku ambayo hawakutukanana, mmoja wao alikuwa anaumwa.

Basi yule dada akauliza, "Mama mzazi wa mshiriki ni yupi hapa?"

Mama alikuwa ameinama anapuliza moto. Kabla hajajinyoosha, Mgogo akadakia.

"Mama yupi? Mama yake tulimzika kitambo. Kaburi si lile pale nyuma ya zizi? Nililichimba mimi mwenyewe."

"Na huyu je?"

"Huyu ni mzimu wake. Umesikia harufu ya kuku, umerudi."

Watu wakaangua kicheko. Mama akajifuta moshi machoni, akasema, "Ni kweli, mwanangu. Nilikufa, na Mgogo huyu akala matanga yangu peke yake. Nimerudi niangalie kama alibakiza hata mkia."

Wageni nao wakacheka. Yule dada alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akasema, "Baba, hebu rudia ile ya kaburi, ukiangalia huku." Mgogo akarudia. Mtani akiombwa kurudia, anarudia vizuri zaidi. Alivua kofia, akaiweka kifuani, akajitia huzuni, akanyoosha kidole kwenye kaburi la baba, akasema kwa sauti ya chini kama mchungaji: mama yake tulimzika kitambo, nililichimba mimi mwenyewe. Mama alicheka kuliko wote. Wakapiga picha ya zizi, ya kaburi, na ya mama akigeuza ugali. Wakala, wakashukuru, wakaondoka.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa bado Samuye, nikaenda na mama bandani. Likaja zizi letu. Likaja kaburi la baba, na muziki wa kinanda unaolia polepole. Akaja Mgogo na kofia kifuani. Bandani watu wakashangilia, wakampigia mama miluzi: "Marehemu! Marehemu umetokea!" Kisha akaonekana mama pale motoni, na chini ya picha yake yakaandikwa maneno. Mama hasomi vizuri, akaniuliza yanasemaje. Yalisema, Shangazi aliyemlea.

Hakuna mtu aliyelitamka neno shangazi nyumbani kwetu siku ile. Mpaka leo sijui kama wale vijana hawakuelewa utani wetu, au walielewa vizuri kuliko sisi.

Wakarudi jukwaani. Mdogo wangu alikuwa amesimama, machozi yanamtoka, na mtangazaji amemkumbatia. Jaji mmoja alijifuta macho. Mtangazaji akasema, pole sana, huko aliko mama yako anakuona. Akampa kipaza sauti. Bandani sote tulikuwa tunasubiri aseme.

Akaimba.

"Mbona hasemi?" mama akauliza. Hakuwa na hasira. Aliuliza kama mtu anayeuliza kwa nini basi limechelewa.

Kesho yake mdogo wangu alipiga simu.

"Dada, nilitaka kusema. Haki ya Mungu nilitaka. Yule kaka akanikumbatia, nikaanza kulia."

"Ulikuwa unalilia nini?"

"Nilimwona mama anageuza ugali. Nilimkumbuka."

"Sasa si ungesema, mama yangu ni huyo?"

Akasema, "Wameniambia kura zimepanda usiku huohuo. Wanasema nikikanusha sasa watu wataona tumewachezea, nitatolewa. Dada, nimebakiza hatua mbili. Nikimaliza nitasema mwenyewe, kwa mdomo wangu."

Mama alikuwa ameweka sikio karibu. Akaichukua simu. "Imba kwanza, mwanangu," akamwambia. "Mimi siendi popote."

Mdogo wangu alitoka wa pili. Hakusema. Akapata meneja, mtu wa Pwani, mpole, anayevaa vizuri. Wakatoa wimbo wa kwanza. Sitaandika maneno yake. Ni wimbo wa binti anayemwambia mama aliye kaburini kwamba laiti angekuwepo ayaone haya. Ni wimbo mzuri. Nasema kweli, ni mzuri. Ukiusikia hujui kwamba aliyeuimba ana mama anayepalilia viazi.

Kijijini mwanzoni ilikuwa kichekesho. Mama alipopita senta vijana walimwamkia, "Shikamoo marehemu."

"Marahaba. Huko duniani mvua imenyesha?"

"Haijanyesha, mayu. Tuombee huko uliko."

"Nitawaombea, lakini nyie wezi wa mbuzi sijui kama mtasikilizwa."

Nilipokuwa nyumbani nilicheka pamoja nao. Lakini utani una msimu wake. Mavuno yakapita, wimbo ukawa unapigwa kila redio, na watu wakaanza kuchoka kucheka. Siku moja, baada ya ibada, mwanamke mmoja wa kanisani alimvuta mama pembeni, akamwuliza kwa nia njema kabisa, "Hivi ulimkosea nini mtoto yule?" Mama alinisimulia swali hilo kwenye simu, kisha akanisimulia tena, na tena, kama vile hakumbuki kwamba nimeshalisikia. Baada ya hapo alipoamkiwa marehemu aliitikia marahaba tu, akapita. Kigoda hakukibeba tena kwenda bandani.

Mnaweza kuuliza watu wa Samuye walikuwa wapi. Walisema. Vijana wa kwetu waliandika kwenye ukurasa wake kwamba mama huyu yu hai, tunamwona kila siku. Wakajibiwa na watu wa mbali kwamba wana wivu, kwamba mtoto wa maskini akiinuka hawakosi kumrudisha chini. Kisha maneno yao yakafutwa. Mtu wa kijijini akisema jambo na televisheni ikasema lingine, mtanisamehe, nani ataamini la kijijini?

Na mimi huku Katoro nilikuwa nauza wali na maharage karibu na makarasha, zile mashine zinazosaga mawe ya dhahabu. Kelele pale haziishi, ila redio yangu naifungulia sauti. Nilikuwa na mteja, mchimbaji, mtu mzima, mikono yote makovu. Wimbo ukianza alikuwa anaweka kijiko chini.

"Mama ubwabwa, ongeza sauti hapo."

"Utakula saa ngapi?"

"Ngoja kwanza. Huyu mtoto ananisemea." Aliniambia mama yake alipofariki, yeye alikuwa ndani ya duara, chini huko kwenye shimo, na waliokuwa juu waliogopa kumpigia kelele ya msiba asije akateleza kwenye ngazi. Wakasubiri apande mwenyewe. Alipopanda na kusafiri mpaka kwao, walikuwa wameshazika. "Sikulia," akasema. "Nilikosa pa kulilia. Sasa huyu mtoto akiimba, basi nalia hapa kwenye wali wako."

Nilimwambia ale, chakula kinapoa. Watu kama yeye ndio waliompigia kura mdogo wangu, wengi sana, na kila mmoja alikuwa na mama yake wa kweli chini ya ardhi. Nilikuwa namhudumia mtu aliyefarijiwa na uongo wa nyumbani kwetu, na sikuwa na moyo wa kumnyang'anya. Lakini kila aliposema "ananisemea" nilihisi kama mtu ananibonyeza kwenye jipu.

Kisha likaja onyesho la Katoro. Siku ya mnada, mchana, jukwaa limefungwa juu ya lori. Mama akapanda basi kutoka Shinyanga bila kuniuliza, akatokea kwangu na mfuko wa michembe. "Huko mjini hawamlishi," akasema. "Nimemwona kwenye kalenda, amekuwa mifupa."

Meneja alikuja kwangu kabla ya onyesho, maana mdogo wangu alipaka rangi na kubadilisha nguo chumbani mwangu. Akainama, akasema, "Shikamoo shangazi." Hakukuwa na mtu wa nje pale. Tulikuwa sisi watatu na yeye, na alijua kila kitu, lakini alisema shangazi. Mama akaitika, "Marahaba, baba." Akampa mfuko wa michembe, naye akapeleka kwenye gari.

Meneja alipotoka, nilimwambia mdogo wangu, "Leo ni nyumbani. Waambie hawa watu. Sema tu, jamani, palitokea makosa, mama yangu ni huyu hapa."

"Dada, nikisema leo nimekwisha. Wataniita tapeli mpaka nazeeka. Wimbo wenyewe utakufa."

"Na mama je?"

"Mama ananielewa." Akamgeukia. "Mama, si unanielewa?"

"Nakuelewa," mama akasema. Alikuwa anamshika mkono, anaupima kwa vidole pale kwenye kifundo. "Umekonda, mwanangu."

Uwanja ulijaa. Watu walipanda juu ya matenki ya maji na juu ya pikipiki zao. Wimbo ulipofika katikati, muziki ukashushwa, naye akasema kwenye kipaza sauti kwamba hapa yupo mtu aliyemlea baada ya mama yake kuondoka, shangazi yake, na anaomba apande. Vijana wakamnyanyua mama mpaka juu ya lori. Mdogo wangu akamkumbatia, akaimba ubeti wote wa mwisho amemkumbatia, na umati ule wa wachimbaji na wafanyabiashara ukapiga kelele mpaka nikaogopa. Niliona wanaume wakilia. Niliona yule mteja wangu ameinua mikono yote miwili.

Mama aliposhuka nilimwuliza kama yuko salama.

"Amenikumbatia kwa nguvu sana," akasema. "Mbele ya watu wote wale." Alilisema mara nyingi jioni ile. Sikuweza kujua kama anafurahi au anajisemea jambo lingine.

Ugonjwa wa mama ulianzia miguuni. Ilivimba, kisha pumzi ikawa fupi, wakasema ni moyo. Nilifunga biashara nikaenda kukaa naye Kolandoto, nikilala uani na akina mama wengine wanaouguza. Madaktari walimhudumia vizuri, sina neno nao. Siku moja, nikiwa namsafisha uso, akaniambia kitu ambacho sijawahi kukisahau.

"Nataka niwe hai kidogo kabla sijafa."

Nikajifanya sijaelewa. Akaeleza, kwa subira, kama anayemweleza mtoto. Hataki redio, hataki televisheni. Anataka mdogo wangu aje mchana, saa ya kuona wagonjwa, wodi ikiwa imejaa watu, amwite mama wasikie. Basi. "Hawa wa vitanda vya jirani wananiuliza nina watoto wangapi. Nawaambia wawili. Wananiuliza wa pili yuko wapi. Nikiwaambia ni nani, wanadhani homa imenipanda kichwani."

Nilimpigia simu mdogo wangu, nikamweleza neno kwa neno. Alilia. Akasema, "Nakuja, dada. Nitamwita. Kwani wodini kuna kamera?"

Na alikuja. Sitaki kumnyima haki yake. Alikuja mchana, saa ileile aliyoombwa. Alivaa kofia na barakoa, na mama alimtambua kwa kutembea tu tangu mlangoni. Alijaribu kuinuka. Wodi ilijaa, kila kitanda kina ndugu zake na mabakuli yao ya uji. Mdogo wangu alifika, akashika chuma cha kitanda, akashusha barakoa, akafungua mdomo.

"Jamani! Si ni yeye!" Muuguzi mmoja kijana alikuwa amemtambua. Palepale wakasogea watu, wanaouguza na wanaougua, na simu zikatoka mifukoni. "Dada, tunakupenda! Dada, ule wimbo wa mama!" Yule muuguzi, uso umejaa furaha, akauliza, "Kumbe bibi huyu ni ndugu yako? Ni nani wako?"

Mdogo wangu alizitazama zile simu. Kisha akamtazama mama. Nilikuwa upande wa pili wa kitanda, nikimwangalia mdomo.

"Shikamoo, shangazi," akasema.

Mama akatabasamu, lile tabasamu alilokuwa akimpa Mgogo, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kitanda cha mwisho, "Marahaba, mtoto wa kaka yangu. Umekuja kuniona?"

Alimkingia. Mtu aliyekuwa na pumzi ya kuhesabu aliitumia kumkingia. Mdogo wangu akaanguka kifuani kwake, akalia, watu wakapiga picha, wakasema ana moyo wa upendo msichana huyu. Mama akampapasa mgongo na kuwaambia watu wamwache apumue.

Hatukuzungumza tena habari hiyo mimi na mama. Alipokuwa anakata roho hakuacha wosia wala nini. Alinitazama tu, akapumua, akaacha.

Tulimrudisha Samuye. Mdogo wangu alifika asubuhi ya mazishi, kabla watu hawajawa wengi. Akaingia ndani, akavua miwani, akajilaza kwenye mkeka na sisi wanawake, na alilia kama anavyolia mtoto wa marehemu, kwa Kisukuma, "mayu wane, mayu wane," mama yangu, mama yangu, mpaka sauti ile ya redio ikakauka. Wanawake walimshika. Hakuna aliyemsema. Nilidhani, basi, imetosha, yamekwisha. Kisha gari la pili likafika, na watu wa mjini, na diwani, na simu. Akanawa uso, akavaa miwani, akatoka akaenda kukaa nje chini ya turubai, kwenye viti vya wageni.

Meneja akanifuata jikoni nyuma. "Pole sana, dada," akasema. "Nina ombi dogo. Wakati wa kuweka mashada, msemaji aite pia kundi la watoto waliolelewa na marehemu. Msanii atainuka hapo. Itakuwa vizuri kwa wote."

"Mama hakulea mtoto wa mtu," nikamwambia. "Alilea wa kwake."

"Naelewa, dada."

"Huelewi. Anayetaka kuweka shada kama mtoto ataitwa mara moja tu, na watoto wa marehemu."

Nilimweleza mjomba, ndugu wa mama, ambaye ndiye aliyekuwa msemaji wa familia. Akakubali. Mgogo alikuwepo, amekaa na wachimba kaburi. Kwa desturi alipaswa kututania, aseme mama ni mzito, alikula sana, na watu walikuwa wanamwangalia wakisubiri. Hakusema lolote. Nilipopita aliinuka, akasema, "Dada, mimi na huu mdomo wangu." Nikamwambia ulikuwa utani tu, baba.

Tukazika. Udongo ulipomaliza kusawazishwa na msalaba kusimikwa, mjomba akasimama.

"Watoto wa marehemu."

Mama mdogo alinipa mashada mawili. "Lako na la mwenzako," akanong'ona.

Nilisimama, nikageuka kumtazama. Alikuwa kati ya diwani na meneja. Watu wa kwetu wote walikuwa wanamwangalia yeye, hata watoto. Mjomba hakuharakisha. Mdogo wangu akainuka kidogo kutoka kitini, kama anayerekebisha gauni lake, na meneja akamshika kiwiko. Hakumshika kwa nguvu. Angeweza kuutoa mkono ule. Mimi niliona kwamba angeweza. Alibaki hivyo, amekunja magoti, si amekaa si amesimama. Kisha akakaa.

Nilienda peke yangu. Niliweka shada langu pale kichwani, nikapiga goti, nikamwambia mama niliyotaka kumwambia. Lile la pili nililichukua, nikapita nalo mbele ya viti vyote, nikamwekea mapajani. Alilishika kwa mikono miwili, akasema kwa Kisukuma, polepole, bila kuinua uso, nimsubiri kidogo.

Nilimsubiri. Nilisimama pembeni ya turubai wakati mjomba akiita wajukuu, akaita ndugu, akaita mashemeji, akaita kwaya, akaita majirani. Kila alipotamka kundi nilimtazama. Mwisho akaita viongozi na wageni waalikwa, na hapo akainuka na diwani, wakaenda pamoja. Aliliweka shada juu ya mengine, akapiga goti, akainamisha kichwa kwa muda mrefu. Watu wenye simu wakasogea mbele kumzunguka.

Nyuma yangu kijana mmoja aliyekuja na lile gari la pili akamwuliza mwenzake, "Kwani marehemu alikuwa nani wake?"

"Shangazi yake. Ndiye aliyemlea."

Niligeuka. "Alikuwa mama yetu," nikamwambia. "Mama yake mzazi. Mimi ni dada yake, tumetoka tumbo moja."

Yule kijana akanitazama usoni, akaona macho yangu yalivyovimba na khanga iliyojaa udongo magotini. Akanishika bega kwa upole. "Pole sana, mama," akasema. "Msiba unachanganya." Kisha akainua simu yake juu ya bega langu, apate picha nzuri.